Picha Tisini kwa Sekunde

Deodata alikutana na Laurian mpakani Rusumo, mahali ambapo watu huenda kutafuta mihuri, si wachumba.

Foleni ya forodha ilikuwa haisogei. Malori yamepangana hadi kilimani, madereva wamejilaza chini ya matela, na mvumo wa maporomoko ya Kagera uliwafanya watu wote waongee kama wanaogombana. Deodata alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vyema mabegani, na viatu vya wazi ambavyo vumbi lilishavigeuza rangi. Kituo cha vijana alichofanyia kazi, huko Ngara mjini, kilikuwa kimeagiza miwani mikubwa ya kompyuta, ile inayomfunika mtu macho yote akajiona yumo ndani ya mchezo, na yeye ndiye aliyetumwa kuipokea. Ofisa wa forodha aliigeuza-geuza mikononi, akauliza kama ni ya kuogelea au ya kuchomelea vyuma.

"Ni ya gemu, mkuu," sauti ikasema kutoka nyuma. "Ukiivaa hapa utajiona uko mwezini, na sisi wa foleni utatusahau kabisa."

Watu wakacheka. Deodata akageuka akiwa amekunja uso. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu imechomekwa mfukoni kama mwalimu. Deodata akamweleza ofisa, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba miwani ile si ya kuchezea bali ya kupimia.

"Unapima nini?" kijana akauliza.

"Kompyuta. Naangalia kama zina nguvu ya kuchezesha gemu za miwani."

"Kumbe mkaguzi."

"Ukipenda kuniita hivyo."

"Basi, mkaguzi, mimi ndiye mtu wako. Nafungua chumba cha gemu za miwani Lusahunga."

Deodata alijikuta anacheka ilhali hakutaka. Lusahunga ilikuwa njia panda ya kula mbuzi choma na kubadilisha tairi. Lakini Laurian alikuwa amelifikiria jambo lake. Madereva hulala pale wakisubiri kuitwa mpakani, akasema, hawana la kufanya isipokuwa kunywa. Na vijana wa Biharamulo, aliokuwa akiwafundisha fizikia, hutamani vitu wanavyoviona kwenye simu tu. Ameacha ualimu. Kiwanja alichoachiwa na baba yake amekiuza. Sasa anamsubiri kaka yake, Gidioni, dereva wa lori, aliyekuwa njiani kutoka ng'ambo na kadi za picha, ambazo ndizo moyo wa mashine za gemu.

Lori halikufika siku ile. Laurian alimbebea Deodata sanduku lake hadi kwenye gari la kituo, akaomba namba ya simu, kwa ajili ya ushauri wa kitaalamu, alivyosema.

"Ushauri wa kwanza huu hapa," Deodata akamwambia akipanda gari. "Madereva wa Lusahunga usiwaambie habari za mwezi. Waambie kuna mpira."

Jioni hiyohiyo Laurian alipiga. Kesho yake pia. Ushauri wa kitaalamu ulidumu siku chache tu, kisha mazungumzo yakaingia njia nyingine. Deodata alimweleza kwamba mtu akishafunikwa macho, kompyuta lazima imchoree picha tisini kila sekunde. Zikipungua, anageuza kichwa na picha inachelewa kumfuata, ubongo unachanganyikiwa, mtu anatapika au anaanguka. Laurian aliisikiliza habari hiyo kama anasikiliza taarabu. Tangu hapo, kila akipiga simu, alianza kwa kusema, "Mpenzi, leo nimekuwaza mara tisini kwa sekunde," na Deodata hujibu, "Acha uongo. Mashine yako haifiki huko."

Akawa anapanda kwenda Ngara siku za Jumapili, akitetemeka kwa baridi ya milimani, na Deodata akimcheka kwa kuvaa koti kama mzee wa kanisa. Mara moja Deodata naye aliteremka Lusahunga kukiona chumba. Laurian alikuwa amekipaka rangi nyeusi ndani, akatandika mazulia, akapanga meza za mninga alizochonga fundi wa Biharamulo. Kaka yake alishaleta kadi, na mashine zilikuwa zinawaka taa za kijani na zambarau. Gidioni alikuwapo siku hiyo, mtu mnene, mpole, aliyempokea Deodata kwa mikono miwili na kumwita shemeji kabla hajakaa. Laurian alimsimulia baadaye. Baba yao alipofariki, Gidioni aliacha shule akawa utingo, kisha dereva, na kila daftari Laurian aliloandikia lilitokana na usukani ule. "Kaka yangu ndiye baba yangu," alisema, na hakutania.

Ndipo kazi ikaja. Mratibu wa kituo, Dada Nice, mwanamke wa maneno machache, alimwita Deodata ofisini. Wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo, zingekuwa na tamasha la michezo ya vijana, na safari hii kungekuwa na mashindano ya gemu za miwani. Mwenye mashine atakayechaguliwa ndiye pia atakayekiendeshea kituo chumba chake kwa mwaka mzima. Walioomba ni wawili: Pancras, kijana wa Ngara mjini, na mwalimu mmoja wa zamani wa Lusahunga. Deodata azipime mashine za wote, alete taarifa.

Hapo ndipo Deodata alipotakiwa kusema kwamba mwalimu huyo ni mpenzi wake. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Dada Nice alimwuliza kama kuna tatizo lolote. Deodata akajibu kwamba hakuna. Aliamini namba hazina mapenzi, na kwamba mashine za Laurian zitapita zenyewe bila kubebwa, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Alianza na za Pancras. Zilipita, si kwa mbwembwe, lakini zilipita. Kisha akapanda basi la Mwanza, akashukia Lusahunga na begi lake mgongoni.

Laurian alikuwa amevaa fulana mpya nyeusi yenye jina la chumba chake kifuani. Alimshika mkono mbele ya watu, akamwekea soda mezani, akamwambia kwa utani kwamba leo amekuja mkaguzi, kwa hiyo mpenzi akae nje. Deodata alitabasamu, akaunganisha kompyuta yake mpakato na mashine ya kwanza, akaanza kipimo.

Kipimo chake kilikuwa mandhari nzito za gemu zinazopita mfululizo, msitu, mvua, mji unaowaka moto, huku mstari wa idadi ya picha ukijichora pembeni ya skrini. Mashine yenye nguvu huchora mstari ulionyooka kama kamba ya mwashi. Huu ulinyooka kwa muda mfupi, kisha ukaporomoka, ukapanda, ukaporomoka tena, kama njia za milima ya Ngara. Akadhani ni joto. Akafungua dirisha, akaacha mashine ipoe, akarudia. Hali ileile. Akahamia ya pili, ya tatu, ya mwisho. Zote zilijitambulisha kwa jina la kadi mpya, na zote zilifanya kazi kama vikongwe.

"Zinasemaje?" Laurian akauliza kutoka mlangoni.

"Bado nazisikiliza."

Madereva wakamwita Laurian nje awaonyeshe mabango ya chumba chake. Alipotoka, Deodata alichukua bisibisi, akafungua mashine ya kwanza, akaitoa kadi, akalegeza bati lake la kupozea. Chini yake, kwenye chipu, kulikuwa na namba ya kadi iliyoacha kutengenezwa miaka mingi nyuma. Mtu alikuwa ameichukua kadi ya zamani, akaifundisha kutaja jina lisilo lake, akaivika ganda jipya na kuiuza.

Alipoinua uso, Gidioni alikuwa amesimama mle ndani, kofia mkononi, akiitazama ile chipu kama mtu anayetazama maiti anayemfahamu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "rudisha. Tafadhali rudisha kabla hajaingia."

Kisha akamweleza. Kadi halisi alizinunua, kama alivyoagizwa. Laurian alimsihi azipakie kwenye kabini, kitini, karibu naye. Lakini njiani alipata abiria wawili, akawapa kile kiti, na maboksi akayarusha nyuma chini ya turubai. Turubai lilikuwa na tundu. Mvua iliwakuta milimani, na alipofungua boksi asubuhi, maji yalimwagika kutoka ndani. Alikaa chini kando ya barabara akalia. Kisha mtu mmoja sokoni akamwuzia nyingine, maboksi mapya, jina lilelile. Alijua kuna kitu hakiko sawa. Hakuuliza.

"Pitisha tu, shemeji," akasema. "Nani atajua?"

"Atakayeanguka."

Gidioni akafuta jasho kwa kofia. "Basi niachie nimwambie mwenyewe. Akilisikia kwa mtu mwingine, hata wewe, sitakuwa kaka yake tena. Nakuomba hilo tu."

Deodata alimtazama mtu yule mzima, aliyelea mtoto akiwa yeye mwenyewe mtoto, na moyo ukamlainika. Akamtaka amwambie mdogo wake kabla yeye hajapeleka taarifa. Gidioni akaapa kwa kaburi la baba yao. Bati likarudi mahali pake, na Laurian alipoingia akakuta mpenzi wake anakunja nyaya.

"Mbona hunitazami?" akauliza.

"Namba si nzuri, Laurian. Acha nizipitie vizuri Ngara."

Laurian alimshika kidevu, akauinua uso wake, akayatafuta macho yake. Deodata alishindwa kuyastahimili yale macho. Akasema basi litamwacha.

Ngara kulikuwa na ukungu siku zile, na kila simu ikilia aliruka. Laurian alipiga kama kawaida, akaleta utani wake wa mara tisini, na Deodata akajua kwamba Gidioni hajasema. Akampigia Gidioni, alikuwa safarini, simu haipatikani. Akampigia tena na tena. Dada Nice akaanza kuuliza taarifa iko wapi, kisha akaacha kuuliza, akawa anamtazama tu wakipishana koridoni. Mwisho Deodata aliandika sentensi moja: mashine za Lusahunga hazifikii kiwango. Sababu hakuitaja. Alijiambia kwamba hajasema uongo.

Laurian aliupata uamuzi huo kutoka ofisini, si kwa Deodata. Alipopiga, sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Deodata kuliko kelele.

"Umenifelisha."

"Laurian, nisikilize. Gidioni amekupigia?"

"Gidioni anahusikaje? Nakuuliza wewe. Umekuja kwangu, umekula kwangu, umeniambia utazipitia. Nasubiri simu yako, napata barua."

Deodata akafungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mepesi, machache. Akamkumbuka Gidioni na kofia yake mkononi, akayameza.

"Pancras amepita?" Laurian akauliza.

"Amepita."

"Nasikia ndiye anayekupeleka kwenu Kanazi kwa gari lake."

"Kwao ni jirani na kwetu. Ananipa lifti kama anavyowapa wengine. Usinitukane."

"Sijakutukana, Deodata. Mimi ndiye niliyetukanwa."

Simu ikakatika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake kamili, bila mpenzi wala mkaguzi, na jina lenyewe lilimuuma kama la mtu mwingine.

Baadaye ukaja ujumbe, kwake na kwa Dada Nice na kwa Pancras. Siku ya gulio, Lusahunga, mashine zitapimwa upya hadharani. Yeyote aje ashuhudie. Mkaguzi apime mbele ya watu. Namba zikiwa zilezile, yeye Laurian atafunga chumba na kuomba radhi. Dada Nice alisema mwenye mashine ana haki ya kuomba marudio, akaagiza gari la kituo.

Waliteremka milima, wakapita Benako, wakapita Nyakahura, wakafika Lusahunga. Deodata alivaa gauni la kijivu, la kazi, nywele amezifunga nyuma. Nje ya chumba watu walikuwa wamejaa, madereva, wauza mahindi ya kuchoma, wanafunzi wa zamani wa Laurian na sare zao. Lori la Gidioni lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara. Alimkuta amesimama nyuma ya tairi.

"Hukumwambia," Deodata akasema.

"Nimejaribu. Kila nikifungua mdomo ananieleza atakavyowaonyesha. Ananishukuru, shemeji. Ananishukuru kwa kumletea kadi. Nianzie wapi hapo?"

"Anzia sasa. Nikishaingia mle siwezi kukusaidia."

Gidioni hakusogea. Deodata akamwacha, akapenya kwenye umati.

Laurian alikuwa amelivaa lile shati lake jeupe la siku ya kwanza, na kwa jinsi alivyokonda kola ilikuwa imemlegea. Hakumsalimia. Aliwaambia watu kwamba atakayevaa miwani ni yeye mwenyewe, ili asije akasingiziwa mtu. Deodata akamwomba, kwa sauti ya kusikika na wawili tu, watoke nje kwanza wazungumze, wao wawili na kaka yake. Akajibu kwamba ya kuzungumza yalikuwa na wakati wake na wakati huo ulipita. Akavaa miwani.

Kipimo kikaanza. Skrini kubwa iliwaonyesha watu msitu, na mstari ukanyooka, na wanafunzi wakapiga makofi. Deodata hakuyatoa macho kwenye mstari. Mvua ikaanza kunyesha ndani ya gemu. Mstari ukatetemeka. Laurian akageuza kichwa kushoto, na msitu ukachelewa kumfuata, ukaruka, ukakwama, ukaruka tena. Akapanua miguu kutafuta mizani. Mji ukawaka moto, mstari ukaporomoka, na Laurian akanyoosha mkono kushika meza iliyokuwa upande mwingine kabisa. Akaanguka kwa magoti. Mtu mmoja mlangoni akacheka, kisha akajuta.

Deodata alishapiga magoti kando yake. Alimvua miwani. Uso wa Laurian ulikuwa umelowa, macho hayajui yatulie wapi.

"Ngapi?" akauliza.

"Arobaini na kitu."

"Pima nyingine."

"Hapana."

"Nimesema pima nyingine, Deodata."

"Mdogo wangu, acha." Gidioni alikuwa ameingia. Umati ulimpisha kwa sababu ya ukubwa wake, au kwa sababu ya uso wake. "Usimsumbue huyu binti. Hakuna ubaya wowote katika kipimo chake. Ubaya ni wangu."

Akasimulia yote mbele ya watu, abiria, turubai, mvua, mtu wa sokoni, bila kujipunguzia hata kidogo. Laurian alinyanyuka polepole, akaiendea mashine, akaifungua kwa mikono yake, akatazama chini ya bati. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Ulijua?"

Deodata alielewa kwamba ni yeye anayeulizwa. "Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Kaka yako aliniomba nimwachie akuambie mwenyewe."

"Kaka yangu aliniogopa. Hilo nalielewa, alikuwa ameharibu. Wewe hukuharibu kitu. Wewe uliniogopa nini?"

Laurian akazima mashine moja baada ya nyingine, taa za zambarau zikafa, akawaomba watu watoke, akafunga mlango kwa ndani.

Njiani kurudi, Dada Nice ndiye aliyeanza kuzungumza. Alisema alikuwa hajui kwamba kuna jambo kati yao. Deodata akamwambia kila kitu, kuanzia Rusumo. Dada Nice hakumfokea. Alisema tu kwamba mashine zote zitapimwa tena na mtu kutoka nje, na kwamba mkaguzi anayeficha jambo hata dogo huwafanya watu watilie shaka hata namba zake za kweli. Pancras akapimwa upya na mgeni, akapita upya. Tamasha likafanyika. Deodata alilisikia kwa mbali, akiwa Kanazi, amechukua likizo, anachambua maharage na mama yake ukumbini huku mvua ikinyesha.

Alimpigia Laurian, hakupokea. Hakumlaumu. Mama yake alipomwuliza kinachomsibu alisema ni uchovu wa kazi, na mama yake akasema uchovu wa kazi haumfanyi mtu aiweke simu kifudifudi kisha kuigeuza kila mara. Lile swali la Laurian lilimkaa kooni. Alilipeleka shambani, akalirudisha. Siku alipopata jibu lake, jibu lilimfedhehesha, na akajua kwamba ndilo la kweli.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, simu ikaita.

"Nimepata kadi moja," Laurian akasema, bila salamu. "Nimeifuata Mwanza mwenyewe, nimeipakata kwenye basi kama mtoto. Jina lake silitaki, nataka kujua nguvu zake. Utakuja kuipima?"

"Kama mkaguzi, au kama nani?"

Akasikia anavuta pumzi. "Njoo kwanza."

Alimkuta amekigeuza chumba. Madirisha yalikuwa wazi, mazulia yameanikwa, na kwenye televisheni mbili madereva walikuwa wanacheza mpira kwa fujo kubwa. Mashine moja tu ya miwani ilibaki, pembeni, nyuma ya pazia. Laurian alikuwa na fulana yenye madoa ya rangi na ndevu ambazo Deodata hakuwahi kuziona. Walisalimiana kwa mkono kama watu wa ofisini.

Deodata akaunganisha nyaya. Wakakaa kando kwa kando kwenye benchi, mabega yakikaribia kugusana, wakautazama mstari. Msitu ukapita. Mvua ikapita, na mstari umenyooka. Kwenye mji unaowaka moto ulishuka mara mbili, shimo dogo na shimo kubwa kidogo. Alijua alivyotamani usishuke, na alijua kwamba Laurian anamsikiliza anavyopumua.

"Kadi ni halali," akasema. "Gemu nyingi itachezesha vizuri, bila kizunguzungu. Hii ya moto na ile gemu yako ya kuruka angani haiziwezi. Usimpe mtu."

Laurian akatikisa kichwa kukubali, akavuta kibodi, akazifuta zote mbili palepale.

"Uliniuliza nilikuogopa nini," Deodata akaendelea, macho bado yako kwenye skrini, kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi. "Nimekuwa nikisema nilimhurumia kaka yako, na nilimhurumia kweli. Lakini si hilo. Nilikuwa najua habari ile itakuvunja, na nilitaka akuvunje mtu mwingine, mimi nibaki yule mzuri wa kukupangusa machozi. Niliogopa utakavyonitazama."

Nje, lori la semi lilipiga honi ndefu likiingia njia panda. Laurian alingoja hadi lipite.

"Nami niliona stika zimepinda," akasema. "Siku ileile nilipofungua maboksi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Deodata, nilijua kitu kipya hakibandikwi vile. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa. Halafu nikakusimamisha mbele ya watu ukiwa ndiye mkosaji." Akafuta uso kwa kiganja. "Habari za Pancras zilikuwa wivu. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Ila nilikasirika."

"Bado umekasirika?"

"Kidogo. Imebaki kama arobaini na kitu."

Alicheka, kicheko kilichokatika katikati, na mkono wake ukautafuta wa Deodata kwenye benchi, ukaupata. Wakakaa hivyo. Baada ya muda akasema anataka kwenda Kanazi kumwona baba wa Deodata, aseme nia yake, kama Deodata hatamkatalia. Alikuwa amepanga kulisema vizuri zaidi, akasema, lakini maneno yamemkimbia.

"Hutakwenda peke yako," Deodata akajibu. "Baba hamsikilizi kijana anayejiposea mwenyewe. Nani atakusemea?"

Akataja mwalimu mkuu wake wa zamani, mzee mwenye heshima Biharamulo yote.

"Baba atamwuliza ni nani aliyekulea."

Mkono wa Laurian ukakaza. Tangu siku ya gulio hakuwa amezungumza na Gidioni. Lori lake lilikuwa likipita Lusahunga bila kusimama, na kila likipita Laurian aliutambua mlio wake. Alimweleza Deodata kwamba kaka yake amempigia simu mara nyingi, naye ameitazama tu ikilia.

"Unanipa sharti?" akauliza.

"Nakuambia ukweli usiopendeza. Ndivyo tulivyokubaliana sasa hivi, au nilisikia vibaya?"

Bao likafungwa kwenye televisheni, madereva wakapiga kelele, wakanyamaza. Kisha Laurian akaitoa simu, akabonyeza, akafungua kipaza sauti na kuiweka juu ya meza ya mninga. Iliita kidogo tu. Upande wa pili kukasikika ngurumo ya injini na upepo wa dirishani.

"Kaka," Laurian akasema. "Shikamoo."

Injini ikapungua nguvu. Wakasikia breki zikipumua, changarawe zikisagika chini ya tairi, na mwisho injini ikazimwa kabisa.

"Marahaba," Gidioni akajibu, kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

"Nimepata mchumba. Kwao ni Kanazi. Nataka uende ukaniposee."

Laurian alitaka kuongeza neno, likamshinda, akaisukuma simu upande wa Deodata. Ndipo sauti ya Gidioni ikarudi, nzito, ikijikwaa.

"Huko Kanazi," akauliza, "lori linafika?"

"Linafika, shemeji," Deodata akasema. "Mpaka uani."